Apu za bure kwa anayesafiri nje ya nchi: ziandae simuni kabla hujapanda ndege

Ukianza kutafuta apu za msafiri utaletewa orodha ndefu hadi uchoke, mara apu ya kupanga begi, mara ya kuhesabu nchi ulizofika, na nyingi hutazigusa hata siku moja. Mi naona msafiri anahitaji chache tu na karibu zote ni za bure, ila shida kubwa sio kuzipata, shida ni kwamba watu wengi wanazishusha wakishafika. Na hapo ndo mambo yanagoma: Wi-Fi ya uwanja wa ndege inataka namba ya simu ya nchi ile ili ikutumie meseji ndo ikufungulie, laini yako ya nyumbani haijashika mtandao, apu ya teksi nayo inataka kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini hiyo hiyo isiyoshika, na chaji ndo inakaribia kuisha. Kwahiyo nimepanga hatua hizi kwa mfuatano wa kuiandaa simu ukiwa bado nyumbani, una intaneti ya uhakika na laini yako iko hewani. Tenga jioni moja au mbili, wiki moja hivi kabla ya safari, sio usiku wa kuamkia safari.

Hatua ya 1: Anza na simu yenyewe

Futa video na picha za makundi ya WhatsApp zinazojaza simu, maana ramani na lugha tutakazoshusha zinataka nafasi, nchi kubwa moja tu inaweza kula zaidi ya GB moja. Sasisha mfumo wa simu na apu zote ulizonazo. Alafu piga *#06# kama unapiga simu ya kawaida, zitatokea namba ndefu, ukiona mojawapo imeandikwa EID ujue simu yako inakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka. Kama simu uliinunua kwa mkataba wa kampuni ya simu, waulize kama imefungwa kwenye mtandao wao, maana simu iliyofungwa haitakubali laini ya nchi nyingine, iwe ya kadi au eSIM.

Jambo lingine dogo ila linasumbua: baadhi ya apu hazionekani kwenye duka la apu la kila nchi. Ukiitafuta apu ya treni ya huko unakoenda ukaikosa, usikimbilie kuitoa kwenye tovuti usizozijua, hapo ndo watu wanaingiza virusi kwenye simu yenye benki yao. Fungua tovuti rasmi ya kampuni hiyo kwenye kivinjari na uiweke alama, mara nyingi inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Panga laini na namba yako, hii usiiruke

Hapa ndo watu wengi wanakwama na wala hawalihesabu kama jambo la apu. Benki, barua pepe, apu za teksi, zote zinatambua kuwa ni wewe kwa kutuma meseji yenye namba ya uthibitisho kwenye laini yako. Ukichomoa laini ukaweka ya ugenini, meseji zile zinakwenda kusikofika. Sasa fanya hivi.

Kama simu ina sehemu mbili za laini, au ina eSIM, laini ya nyumbani iache ndani, izimie data ya romingi, yaani intaneti ya laini yako ukiwa nje ya nchi, ila yenyewe iache imewaka ili ipokee meseji. Laini ya pili ndo itumie kwa intaneti. Kabla ya kuondoka ulizia mtandao wako kama romingi imefunguliwa kwenye namba yako na kama kupokea meseji ukiwa nje kuna makato, mitandao haifanani kwa hili.

Alafu hamisha kila unachoweza kutoka kwenye meseji kwenda kwenye apu ya namba za uthibitisho, kama Google Authenticator au Microsoft Authenticator, zote bure. Hizi hazihitaji intaneti wala laini, zinatengeneza namba mpya kila sekunde 30 kwa kutumia saa ya simu na siri iliyohifadhiwa ndani ya apu, kwahiyo hata ukiwa jangwani zinafanya kazi, mradi saa ya simu iko sawa. Acha saa ijipange yenyewe, usiirekebishe kwa mkono unapovuka nchi. Kwenye akaunti ya Google chukua pia zile namba za akiba, wanakupa 10 zenye tarakimu 8, ziandike kwenye karatasi. Karatasi, sio kwenye picha iliyo ndani ya simu hiyo hiyo, maana simu ikipotea na picha imekwenda nayo.

WhatsApp yenyewe haina shida na laini mpya, itaendelea na namba yako ya zamani hata ukichomoa kadi, ila ukiona inakuuliza kama unataka kubadilisha namba kataa, na usiifute ukaiweka upya ukiwa safarini maana itataka meseji kwenye laini ya nyumbani. Ingia kwenye mipangilio, akaunti, uthibitisho wa hatua mbili, weka ile PIN ya tarakimu 6 na barua pepe. Dakika mbili tu na inazuia mtu kuiba akaunti yako hata akipata namba.

Kuhusu apu za kuuza eSIM kama Airalo, apu ni ya bure ila bando unalipia, tusidanganyane. Uzuri wake ni kwamba unaiweka ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi na unatua ukiwa tayari na intaneti. Soma vizuri sehemu moja: muda wa bando unaanza lini, maana nyingine zinaanza kuhesabu ukishika mtandao wa kule na nyingine zinaanza pale pale unapoweka. Na nyingi ni za data peke yake, hazina namba ya simu, kwahiyo haziwezi kupokea meseji za uthibitisho. Ndo maana nasema laini ya nyumbani ibaki ndani.

Kuna nchi ambazo apu ulizozoea zinafungiwa na ni vizuri kujua mapema. China wamezuia huduma za Google, WhatsApp, Facebook na Instagram, na duka la apu la Google halifunguki kule, kwahiyo usichoshusha kabla ya safari hutakipata. Ukitumia romingi ya laini ya nje mara nyingi zinafunguka kwasababu data yako inazungushwa kupitia mtandao ulikotoka, Wi-Fi ya hoteli ndo inabana. Falme za Kiarabu, pamoja na Dubai, meseji za WhatsApp zinakwenda vizuri ila simu za sauti na video zimezuiwa. Waambie watu wa nyumbani mapema mtawasiliana vipi, wasikae na hofu bure.

Hatua ya 3: Ramani mbili, sio moja

Weka Google Maps na Organic Maps, zote mbili, nitakwambia kwanini.

Kwanza jambo ambalo wengi hawalijui: GPS haitumii intaneti. Simu inasikiliza tu ishara kutoka kwa satelaiti, ikisikia angalau 4 inapiga hesabu na kujua ulipo. Intaneti inahitajika kuleta ile picha ya ramani yenyewe na kuharakisha simu kujua ipo wapi mwanzoni. Kwahiyo ukiwa na ramani ndani ya simu tayari, kale kadoa ka bluu kanakufuata barabarani bila bando. Ukitua na simu ikachelewa kukuona, toka nje ya jengo, simama sehemu ya wazi dakika chache, itashika.

Kwenye Google Maps bonyeza picha yako juu kulia, chagua ramani za nje ya mtandao, alafu chagua ramani yako mwenyewe. Litatokea boksi, lisogeze na ulikuze hadi lifunike mji wote na njia ya kutoka uwanja wa ndege, hapo ndo wanakosea watu, wanashusha katikati ya mji na uwanja uko nje ya boksi. Shusha, ipe jina. Ramani hizo zina muda wa kuisha, ziache zijisasishe zenyewe ukiwa kwenye Wi-Fi. Alafu tafuta hoteli au nyumba utakayofikia, kituo kikuu cha treni, ubalozi wa nchi yako na hospitali kubwa ya karibu, zote zihifadhi kwa nyota.

Ila bila intaneti Google Maps inakuongoza kwa gari tu, haikupi njia za kutembea kwa mguu, baiskeli wala usafiri wa umma. Na msafiri anatembea sana kwa mguu. Hapo ndo Organic Maps inaingia. Imejengwa juu ya OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004 ambayo watu wa kujitolea wanaichora kila siku, na apu yenyewe haina matangazo na haikufuatilii. Unashusha mkoa au nchi, kisha kila kitu kinafanyika ndani ya simu, kutafuta, kupanga njia, kuongozwa kwa sauti kwa mguu au baiskeli. Njia za porini na mlimani, vichochoro, ngazi za kupandia, bomba la maji ya kunywa, vyoo vya umma, mara nyingi iko vizuri kuliko ile nyingine. Udhaifu wake ni maduka na saa za kufungua, zinaweza kuwa za zamani, na foleni za magari haizioni. Kwahiyo ukiwa na neti tumia Google kujua wapi pamefunguliwa, ukiwa huna neti tembea na Organic.

Nchi mbili zinataka apu zake. Korea Kusini, kwa miaka mingi Google Maps imekuwa haitoi maelekezo kamili ya kutembea wala kuendesha kwasababu ya sheria za kutoa data za ramani nje ya nchi, wenyeji wanatumia Naver Map na KakaoMap na zote zina Kiingereza. China nako wenyeji wanatumia Amap, na ramani za nje mara nyingine zinaonyesha doa lako limehama mitaa kadhaa maana serikali ya kule inataka ramani zitumie vipimo vyake maalum. Usione simu imeharibika.

Kitu cha mwisho kwenye ramani, kila sehemu unayofikia ipigie skrinishoti ikiwa na jina na anwani kwa maandishi ya wenyeji, Kiarabu, Kichina, Kithai, chochote. Jina la hoteli kwa herufi zetu halimsaidii dereva asiyezisoma.

Hatua ya 4: Tafsiri, na namna ya kuifanya isikuangushe

Google Translate inatosha kwa watu wengi. Ingia kwenye apu, gusa jina la lugha, pembeni utaona alama ya kushusha, shusha lugha ya huko unakoenda na shusha Kiswahili na Kiingereza vyote viwili. Lugha isiyo na alama hiyo inafanya kazi ukiwa na neti tu, na ya ndani ya simu huwa haina makali kama ya mtandaoni, kwahiyo kwa mambo mazito tafuta Wi-Fi.

Sehemu tatu za apu hii ndo zenye faida. Kamera, unaielekeza kwenye bango au menyu na maneno yanageuka pale pale kwenye kioo, kama yanachezacheza piga picha kabisa usome kwa utulivu. Mazungumzo, mnaongea zamu kwa zamu na simu inasema. Na ile nyota ya kuhifadhi sentensi, ambayo watu hawaigusi na mi naiona ndo bora kuliko zote.

Chukua mfano una mzio wa dawa. Usisubiri hadi uko mbele ya mfamasia unatetemeka. Kaa nyumbani, andika sentensi fupi na kamili: "Nina mzio wa penisilini. Je, dawa hii ina penisilini ndani yake?" Usiandike maneno ya mkato wala ya mtaani, apu inayakosea. Ikishatafsiri, chukua jibu lile ligeuze lirudi Kiswahili. Likirudi na maana ile ile, bonyeza nyota. Likirudi na kitu kingine, andika upya kwa njia rahisi zaidi, au jaribu kwa Kiingereza kama unakijua, maana lugha zenye maandishi mengi mtandaoni zinatafsirika vizuri zaidi. Fanya hivyo kwa sentensi chache zinazokuhusu wewe: ugonjwa wako, chakula usichokula, anwani unayokwenda, "nimepotea naomba unisaidie kupiga namba hii". Zikishakuwa na nyota unazifungua hata bila neti na kumwonyesha mtu kioo. Apu isiwe mkalimani wako kwenye kusaini mkataba, polisi au kabla ya upasuaji, hapo dai mkalimani binadamu, sehemu nyingi hospitali na polisi wana utaratibu wa kukutafutia.

Hatua ya 5: Ndege, treni na teksi

Shusha apu ya shirika la ndege unalosafiri nalo na uiruhusu ikutumie taarifa. Kadi ya kupandia ndege iweke kwenye Google Wallet au Apple Wallet na juu ya hapo ipigie skrinishoti, maana apu za mashirika zina tabia ya kutaka uingie upya wakati umeshasimama getini. Angalia pia masharti ya shirika lako, baadhi wanadai ukate kadi mapema au uichapishe kwenye karatasi la sivyo wanakutoza.

Flightradar24, apu ya kufuatilia ndege zilizo hewani, ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Sio ya kuangalia ndege kwa kujifurahisha tu. Tafuta namba ya safari yako, angalia ndege itakayokubeba inatokea wapi sasa hivi. Kama ubao unasema mnaondoka baada ya saa moja na ndege yenyewe bado iko hewani mbali huko, ushajua mtachelewa kabla hawajatangaza, na unaanza kuulizia mapema kuhusu ndege yako ya kuunganisha wakati wenzako bado wamekaa.

Kupanga njia kutoka mji hadi mji Rome2Rio inakuonyesha kwa treni, basi, feri na ndege kwa pamoja, ila bei na muda vichukulie kama makadirio, kata tiketi kwa kampuni husika. Ndani ya miji Google Maps, Moovit na Citymapper zinakupa basi gani na ushuke wapi. Citymapper inahudumia miji michache lakini pale ilipo iko vizuri sana. Na ukienda nchi zenye treni nyingi chukua apu ya reli yenyewe, DB Navigator kwa Ujerumani, SBB Mobile kwa Uswisi, SNCF Connect kwa Ufaransa, maana mabadiliko ya jukwaa yanafika huko haraka.

Teksi za apu zinategemea eneo. Asia ya Kusini Mashariki ni Grab, ilinunua biashara ya Uber ya eneo hilo mwaka 2018. Nchi nyingi za Kiarabu ni Careem pamoja na Uber. China na sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini ni DiDi. Ulaya na Afrika Bolt na Uber zinapokezana. Jisajili ukiwa nyumbani, meseji ya uthibitisho iingie kwenye laini yako, weka kadi kama utatumia kadi. Hata kama hutapanda, fungua uone bei ya apu ni kiasi gani, itakusaidia usipigwe na teksi ya kawaida.

Gari likifika usiulize "we ndo wa apu?", maana yeyote atasema ndio. Soma namba ya gari nyuma, linganisha tarakimu kwa tarakimu na iliyo kwenye simu, alafu mwache dereva ndo ataje jina la abiria anayemfuata, usimtajie wewe. Vikilingana ingia, bonyeza kushiriki safari umtumie mtu wako. Akikuomba ufute safari kwenye apu mlipane pembeni kataa, ukishafuta hakuna tena kumbukumbu kwamba mlikuwa pamoja.

Hatua ya 6: Pesa

Fupi tu hapa. XE inakupa viwango vya sarafu na inakumbuka vya mwisho ilivyopata, kwahiyo ifungue ukiwa na Wi-Fi asubuhi itakutosha siku nzima bila neti. Kiwango chake ni cha katikati ya soko, dirisha la kubadilishia halitakupa hicho, ila kinakuonyesha unakatwa kiasi gani. Ukilipa kwa kadi mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya pale au ya nyumbani kwenu, chagua ya pale kila wakati. Ukichagua ya nyumbani, mwenye mashine ndo anapanga kiwango na mara nyingi kinakuumiza. Mkisafiri kikundi Tricount inagawa nani anamdai nani, inazuia ugomvi mwingi. Wanaokwenda China waweke Alipay au WeChat na kuunganisha kadi ya Visa au Mastercard kabla ya kuondoka, pamoja na uthibitisho wa pasipoti, maana kule wengi wanalipana kwa QR na uthibitisho unaweza kuchukua muda.

Hatua ya 7: Nyaraka

Google Drive ina sehemu ya kuskani kwa kamera, iPhone wana apu ya Notes inayofanya hivyo hivyo. Skani ukurasa wa picha wa pasipoti, viza, bima, cheti cha chanjo, tiketi na barua ya hoteli. Kisha, na hii ndo inasahaulika, kila faili libonyeze uchague lipatikane nje ya mtandao, la sivyo liko huko mawinguni na wewe uko foleni ya uhamiaji bila neti. Nakala moja mtumie ndugu unayemwamini. Nakala haichukui nafasi ya pasipoti, ila ukiipoteza inasaidia ubalozi kukushughulikia haraka.

Baadhi ya nchi zina apu rasmi ambazo utazihitaji kweli, kama Nusuk ya Saudi Arabia kwa wanaokwenda Umra, ruhusa ya kuingia Raudha, sehemu iliyo ndani ya Msikiti wa Mtume Madina, inaombwa humo. Tatizo ni apu na tovuti za kuiga zinazochukua pesa kwa kitu ambacho serikali inatoa bure au kwa bei ndogo. Usitafute jina lake ukabonyeza tangazo la juu. Ingia tovuti ya serikali ya nchi husika, ufuate kiungo kilichopo pale, na ukifika dukani soma jina la mtengenezaji wa apu.

Hatua ya 8: Usalama wako

Washa Find Hub kwenye Android au Find My kwenye iPhone, ni za kuitafuta simu ikipotea, na ujaribu kuingia kwa kompyuta au simu ya mtu mwingine uone kama unaiona simu yako. Jaza taarifa za matibabu na namba za ndugu wa dharura kwenye mipangilio ya simu, zinasomeka hata simu ikiwa imefungwa, muokoaji anazipata.

Hifadhi namba za dharura za nchi unazopita. 112 inafanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya na nyingine nyingi, Marekani ni 911, Uingereza 999, Australia 000, Japani polisi ni 110 na zimamoto pamoja na gari la wagonjwa ni 119. Ukikwama sehemu isiyo na jina la mtaa, what3words imegawa dunia nzima kwa miraba ya mita 3 kwa 3 na kila mraba una maneno matatu, inaonyesha ulipo hata bila neti, na huduma nyingi za dharura Uingereza zinaitumia. Ila maneno yanaweza kusikika vibaya kwenye simu, kwahiyo yataje herufi kwa herufi na utoe pia namba za latitudo na longitudo, Organic Maps inazionyesha. Wanaokwenda Japani waongeze Safety tips, apu inayosimamiwa na wakala wa utalii wa kule, inatoa tahadhari ya tetemeko na tsunami kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa.

VPN, yaani apu inayoficha data yako unapotumia Wi-Fi ya watu, ukitaka ya bure chagua kwa makini sana. Nyingi zinaishi kwa kuuza taarifa zako, yaani unakimbia mwizi wa Wi-Fi unaingia kwa mwizi mwingine. Proton VPN ina kifurushi cha bure kisicho na kikomo cha data na hakina matangazo. Na angalia sheria, kuna nchi matumizi ya VPN yanabanwa au yana adhabu.

Hatua ya 9: Zima kila kitu ujaribu

Siku mbili kabla ya safari weka simu kwenye modi ya ndege, hakikisha na Wi-Fi imezima, kisha pita apu moja moja. Tafuta hoteli kwenye Organic Maps na upange njia ya mguu kutoka kituoni. Fungua sentensi zenye nyota. Fungua pasipoti kwenye Drive, usiione kidogo tu, ikuze uisome. Fungua kadi ya ndege kama ipo tayari, XE, na apu ya namba za uthibitisho. Kinachokataa kirekebishe siku hiyo hiyo, una neti na una muda.

Ramani na kamera zinakula chaji sana kwahiyo beba pawabenki. Inakaa kwenye begi la mkononi, hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini. Hadi Wh 100, ambayo ni kama mAh 27,000 hivi, kwa kawaida unabeba bila kuomba ruhusa ya shirika, ila hakikisha maandishi yake yanasomeka, yakiwa yamefutika wanaweza kuikamata. China tangu tarehe 28 Juni 2025 hawaruhusu kwenye ndege zao za ndani pawabenki isiyo na alama ya 3C, alama ya usalama ya China, kwahiyo kama utaunganisha ndege ndani ya nchi hiyo angalia yako kabla.

Alafu chukua karatasi uandike namba za watu wawili wa nyumbani, namba ya ubalozi, anwani unayofikia kwa maandishi ya wenyeji, namba ya kufungia kadi ya benki na zile namba za akiba za Google. Iweke mbali na simu, kwenye mfuko mwingine au ndani ya nguo, wala sio kwenye kava la simu.